Shamba la kale likiuzwa, nini hasa kinauzwa? Somo kwa watu wa Karema na mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ardhi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika imeanza kutafutwa. Bandari ya Karema imejengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, na ng'ambo ya maji kuna Kalemie na Moba, miji ya Kongo yenye wafanyabiashara wanaotaka mzigo. Barabara ya kutoka Mpanda inazungumzwa kila mwaka, na reli ya kutoka Kaliua, ambayo leo inaishia Mpanda, imo katika mipango ya kufikishwa ziwani. Mahali panapofunguka namna hiyo, wanunuzi wa ardhi hawachelewi.

Wanunuzi hao ni wa aina mbili. Wako wanaotafuta ardhi tupu ya maghala, vituo vya mafuta na mashamba. Wako pia wanaotafuta kitu cha kale: nyumba ya mawe yenye historia, bustani ya miembe iliyozeeka, mandhari ya ziwa. Nyumba ya namna hiyo hutengenezwa upya, hupakwa chokaa, huwekwa vitanda vya wageni, kisha siku moja hutangazwa kuuzwa kwa dola. Kaskazini mwa nchi yetu, Kenya na Zambia biashara hii ina miaka mingi. Kwetu bado ni changa, na ndiyo maana tunaona ni vizuri kuieleza mapema.

Tuseme wazi tangu mwanzo: makala haya hayahusu tangazo lolote la kuuza misheni ya Karema. Tunaitumia Karema kama mfano kwa sababu ndiyo sehemu yetu yenye historia ndefu kuliko nyingine ya majengo na ardhi kupita mkono hadi mkono. Swali letu ni moja: shamba la kale linapouzwa, mnunuzi anapata nini, na jirani aliyezaliwa pembeni yake anabaki na nini?

Tangazo husema nini, na huacha nini

Ukisoma matangazo ya mashamba ya kale yaliyokarabatiwa, utaona yanafanana. Yanaanza na nyumba: mwaka iliojengwa, idadi ya vyumba, unene wa kuta, mahali pa kuotea moto. Kisha yanataja ekari. Kisha yanataja jina la mzungu aliyejenga na wageni maarufu waliowahi kulala hapo. Mwisho ni bei.

Kinachoachwa karibu kila mara ni watu. Shamba la kale halikujijenga. Kuna waliofyatua matofali, waliochimba mfereji, waliopika na waliolea watoto wa mwenye nyumba. Wajukuu wao mara nyingi bado wanaishi mita mia chache kutoka kwenye lango. Wana njia wanayopitia kwenda kisimani. Wana makaburi ndani ya mipaka ya shamba. Wengine wanalima kona ambayo babu yao aliambiwa kwa mdomo, "lima hapa." Maneno hayo hayamo katika hati, na mwenye shamba akibadilika, huondoka naye.

Ngong, 1931: shamba lilipouzwa na watu wakiwa juu yake

Mfano unaojulikana kuliko yote katika Afrika Mashariki ni shamba la Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya milima ya Ngong, karibu na Nairobi. Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912, naye akahamia humo mwaka 1917. Ardhi ile ilikuwa juu mno kwa kahawa, mavuno yakawa haba na madeni yakapanda. Mwaka 1931 kampuni ililiuza shamba kwa mtu aliyekuwa na mpango wa kulikata viwanja vya kujenga nyumba.

Ndani ya shamba hilo ziliishi familia nyingi za Wakikuyu. Kwa sheria ya wakoloni waliitwa maskwota, yaani watu wanaokaa kwenye ardhi ya mtu na kumlipa kwa kazi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa pale pale, na wazazi wao walikuwapo kabla ya mzungu yeyote kuweka mpaka. Lakini kwenye karatasi shamba lilipouzwa, wao walitakiwa kuondoka, tena kila familia kivyake. Ombi lao lilikuwa moja: wahamishwe pamoja, wasitawanywe. Blixen alitembea ofisi kwa ofisi mjini Nairobi kuwaombea, na mwishowe wakapewa sehemu katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti.

Watu hao walipata ardhi kwa sababu mwenye shamba aliyekuwa akiondoka aliamua kuwatetea. Angekuwa mtu wa moyo mwingine, au angekufa mwezi mmoja kabla, hakuna kifungu cha sheria kilichokuwa upande wao. Haki inayotegemea huruma ya mtu anayefungasha mizigo ni haki dhaifu sana.

Na nyumba je? Serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho. Mtaa mzima unaoizunguka unaitwa Karen, na ni miongoni mwa mitaa ya gharama kubwa Nairobi. Nyumba imetunzwa vizuri na jina limedumu. Wazao wa wale waliohamishwa hawana fungu katika thamani hiyo.

Nyumba ikitunzwa, wapo wanaonufaika

Tusiseme upande mmoja tu. Nyumba ya kale iliyokarabatiwa inaweza kulisha kijiji. Kule Karatu, kwenye mteremko wa msitu wa Ngorongoro, kuna Gibb's Farm. Nyumba yake ilijengwa mwaka 1929 na mlowezi wa Kijerumani, ikanunuliwa mwaka 1948 na Mwingereza James Gibb, na mwaka 1972 ikaanza kupokea wageni. Imebaki shamba na nyumba ya wageni kwa pamoja: mboga zinazolimwa hapo huliwa hapo, na kazi za bustani, jikoni na vyumbani hufanywa na watu wa eneo hilo.

Kusini kwetu, kaskazini mwa Zambia, kuna Shiwa Ng'andu. Mwingereza Stewart Gore-Browne alianza kuijenga baada ya Vita Kuu ya Kwanza: jumba kubwa la matofali yaliyofyatuliwa hapo hapo, na pembeni yake nyumba za wafanyakazi, shule na zahanati. Alifariki mwaka 1967 na Zambia huru ikampa mazishi ya heshima. Baadaye jumba lilichakaa vibaya, hadi mjukuu wake alipoanza kulikarabati mwanzoni mwa miaka ya 2000. Somo la hapo ni kwamba jumba likianguka, haliangukii tajiri peke yake. Mishahara hukauka, shule na zahanati hukosa msaada, na vijana hufunga safari.

Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mwananchi wa Karema kwamba kila mnunuzi wa jengo la kale ni adui. Tunachosema ni kwamba faida huja kwa mapatano yaliyoandikwa, na hasara huja yenyewe.

Kisiwani Lamu, Kenya, tunaona sura ya tatu. Mji wa kale uliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wageni kutoka Ulaya walikuwa tayari wananunua nyumba za mawe na kuzikarabati kwa ustadi, na mafundi wa chokaa na milango ya nakshi walipata kazi. Papo hapo bei zilipanda hadi kijana wa Lamu akawa hawezi kununua nyumba katika mtaa aliozaliwa. Kuta zimepona, lakini wenye mji wanasogezwa pembeni.

Karema: kilima kilichokabidhiwa bila wenyeji kuulizwa

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliita mkutano mjini Brussels na kuunda shirika lililosema linataka kuifahamu Afrika na kukomesha biashara ya utumwa. Mwezi Agosti 1879 afisa wake, Kapteni Cambier, alifika Karema, katika nchi ya Wabende, akaanzisha kituo juu ya kilima. Wakakiita Fort Léopold.

Mwaka huo huo shirika lilijaribu jambo lililoshangaza watu njia nzima: tembo wanne wa kufugwa waliletwa kutoka India, wakashushwa karibu na Dar es Salaam na kutembezwa kuelekea huku. Aliyefika Karema alikuwa mmoja tu. Kiongozi wa msafara huo, Carter, aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe akiwa njiani kurudi pwani.

Mwaka 1885 mambo yaligeuka. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamegawana Afrika katika mkutano wa Berlin. Leopold alipata Kongo, na ufuko wetu wa mashariki ukaangukia kwa Wajerumani. Karema haikumfaa tena. Kituo kikakabidhiwa kwa wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Wapadri Weupe, pamoja na kituo kingine cha ng'ambo, Mpala.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Katika miaka 6 kilima cha Karema kilipita mikono mitatu: kutoka kwa wenyeji kwenda kwa shirika la mfalme wa Ubelgiji, na kutoka hapo kwenda kwa wamisionari. Waliokubaliana mara ya mwisho walikuwa Wazungu na Wazungu. Watu waliokuwa wanalima chini ya kilima hawakuwa upande wowote wa mapatano hayo.

Hata hivyo, yaliyofuata yanaonyesha kwamba anayepokea jengo anaweza kulipa maana nyingine. Mwaka 1888 wamisionari walimtuma Adrien Atiman kwenye ziwa hili. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi, upande wa Mali ya leo, aliyetekwa akiwa mdogo na kuuzwa utumwani. Wamisionari walimkomboa kwa fedha huko Algeria, kisha akasomea udaktari kisiwani Malta. Alitibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956, karibu miaka 70 ya kazi. Jina lililoifanya Karema ijulikane kwa wema ni la mtu aliyewahi kuuzwa sokoni. Hakuwa mwenye kilima, wala hakukijenga. Thamani ya mahali huletwa na watu wanaokaa hapo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna dalali anayeweza kuiweka kwenye bei.

Ziwa lililoondoka, na mpaka uliohama

Kuna jambo jingine la Karema linalofaa kila mtu wa mwambao alijue. Cambier alipochagua kilima, maji yalikuwa karibu. Lakini miaka ile ile Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka baada ya kuziba kwa muda mrefu. Ziwa likaanza kushuka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Ngome iliyokusudiwa kuwa jirani na maji ikajikuta imeachwa nchi kavu, na mbele yake ikatokea ardhi mpya.

Ardhi ile mpya ilikuwa ya nani? Kama mtu angekuwa na karatasi iliyosema "kutoka kilimani hadi ziwani," je, mpaka wake ungefuata maji yaliyoondoka, au ungebaki pale maji yalipokuwa siku ya kuandika?

Swali hili halijapitwa na wakati. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena. Nyumba za Kigoma na Bujumbura zimeingiliwa na maji, na mialo yetu imesogezwa. Anayeuza shamba la ufukweni huandika "mpaka wa magharibi: Ziwa Tanganyika." Mwaka wa maji mengi, shamba hilo ni dogo. Mwaka wa ukame, mwenye shamba atadai kila kilichokauka, na mvuvi anayeanika dagaa pale ataitwa mvamizi.

Sheria inasaidia kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bahari. Kwa hiyo tangazo likisema "ufukwe wa binafsi," msikilizaji ajue kwamba maneno hayo ni ya kuvutia mteja na hayatoi haki ya kujenga ukuta hadi majini. Mpaka wa shamba lolote la ufukweni upimwe kwa mawe ya mpaka yaliyosimikwa na mpima ardhi. Usiandikwe kwa kutaja maji.

Sheria yetu inasema nini

Tanzania hakuna mtu anayemiliki ardhi moja kwa moja milele. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia.

Hata mashamba ya enzi za Wajerumani hayajaponyoka kanuni hiyo. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta umiliki wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji wa serikali usiozidi miaka 99. Mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki tunayoijua leo. Hii ina maana kwamba anayekuambia anauza shamba "la tangu Mjerumani, ni la milele" ama hajui sheria ama anakudanganya. Mnunuzi hununua miaka iliyobaki kwenye hati, pamoja na masharti yake yote, na masharti hayo yakivunjwa hati inaweza kufutwa.

Ardhi imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Shamba la kale lenye hati liko kwenye ardhi ya jumla hata kama limezungukwa na vijiji pande zote. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno kubwa. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuuza hata robo ekari ya kijiji, awe na muhuri au asiwe nao.

Raia wa kigeni hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kupitia mamlaka ya serikali inayosimamia uwekezaji. Ili ardhi ya kijiji imfikie mwekezaji wa namna hiyo, lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hatua. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali na wanakijiji huarifiwa. Eneo likiwa halizidi hekta 250, sawa na ekari karibu 620, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Na fidia lazima ikubaliwe kabla ya ardhi kuhama: kiasi gani, kwa njia gani na lini.

Mkoa wetu umewahi kuona kinachotokea mazungumzo yakianzia juu. Mwaka 2011 ulizuka mjadala mkubwa kuhusu mpango wa kampuni ya Marekani, AgriSol Energy, uliotaka ardhi ya Katumba na Mishamo. Maeneo hayo yalikuwa yakilimwa kwa miongo kadhaa na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na watoto na wajukuu wao. Kwenye mpango ilikuwa ardhi ya makazi ya wakimbizi yanayotarajiwa kufungwa. Kwa waliokuwapo ilikuwa mihogo, shule na makaburi ya wazazi. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kukamilisha uraia wa zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo.

Jengo la kale: je, linalindwa?

Wengi hudhani kila jengo la zamani linalindwa na serikali. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vilivyokuja baadaye vinahitaji waziri avitangaze rasmi ndipo vilindwe.

Pigeni hesabu. Kituo cha Karema kilianza mwaka 1879. Kimekosa mstari huo kwa miaka 16. Vivyo hivyo maboma yote ya Kijerumani, nyumba za misheni zote za mwambao huu, na nyumba za walowezi. Majengo yanayotajwa katika matangazo ya mauzo kama "ya kihistoria" mengi ni ya kundi hili. Bila tangazo la waziri, mmiliki wake akitaka kuyabomoa na kujenga ghala, sheria hiyo haina la kumzuia. Akitaka kuyakarabati kwa saruji na kuharibu kuta za udongo na chokaa, vivyo hivyo.

Kwa hiyo kijiji, parokia au halmashauri inayoona ina jengo la thamani isingoje liuzwe. Maombi ya kulitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa hupelekwa wizara inayosimamia mambo ya kale, kupitia ofisi ya utamaduni ya wilaya. Jengo likishatangazwa, anayelinunua analinunua na ulinzi wake.

Aliyelima kona ya shamba kwa miaka mingi

Swali moja huulizwa sana: "Nimelima ndani ya shamba la mtu kwa miaka 15, je, limekuwa langu?" Sheria ya ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Ikipita, madai yake yanaweza kukataliwa. Lakini mahakama zetu zimeshikilia jambo muhimu: aliyekaribishwa hawi mwenye ardhi kwa kukaa muda mrefu. Kama babu yako aliambiwa "lima hapa" na mwenye shamba, wewe ni mkaribishwa, hata ipite miaka 50. Ndiyo maana tunasema ahadi ya mdomo iandikwe wakati aliyeitoa bado yuko hai na bado ni rafiki.

Mambo ya kufanya kabla mnunuzi hajafika

Kwanza, kijiji kikamilishe mpango wa matumizi ya ardhi na mipaka yake ipimwe. Kijiji kisicho na ramani hubishana kwa sauti, na sauti haisikiki ofisi ya ardhi.

Pili, mwenye shamba lake ndani ya kijiji aombe hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke na la mume yaandikwe yote mawili. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na majina mawili kwenye hati yanazuia ugomvi.

Tatu, orodhesheni njia, visima, mialo na makaburi yaliyo ndani au pembeni ya shamba lolote kubwa. Orodha isomwe kwenye mkutano mkuu, iandikwe katika muhtasari, isainiwe, na nakala ipelekwe kwa afisa ardhi wa wilaya. Makaburi yana sheria yake ya kuyahamisha, ya mwaka 1969, hayasukumwi na trekta.

Nne, anayetaka kununua, awe mgeni au mtu wa Mpanda, afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba. Upekuzi huonyesha hati ni ya nani, imebaki miaka mingapi na kama imewekwa rehani benki.

Tano, mwekezaji akija kuzungumza, kijiji kisiulize bei tu. Kiulize ajira ngapi na za miaka mingapi, maji yatapita wapi, mwalo utabaki wazi au la, na akiuza kwa mtu mwingine ahadi hizo zitaendelea au zitakufa. Swali la mwisho husahaulika, nalo ndilo lililowakuta watu wa Ngong mwaka 1931.

Sita, mgogoro ukitokea, anzeni na Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni wajumbe 7, na si chini ya 3 kati yao wawe wanawake. Kazi yao ni kusuluhisha. Likishindikana hapo, njia ya juu iko wazi.

Nyumba ya kale ikitengenezwa vizuri hupendeza, na hakuna ubaya mtu kuiuza akitaka. Ila mwenye kununua nyumba hununua na majirani. Kazi ya kijiji ni kuhakikisha kwamba siku hati inapobadilishwa jina, majirani nao wamo kwenye maandishi.